Mbwa wa Mstari

Ndaki alikuwa ameshalichoka neno mbwa kabla hata mbwa mwenyewe hajaonekana. Asubuhi mbwa, mchana mbwa, ugali ukiwekwa mezani mbwa. Mjomba wake, Maganga, alikuwa ameingiwa na mbwa kichwani kama wengine wanavyoingiwa na siasa, na kama ilivyo siasa, maneno yalikuwa mengi na kitu hakionekani.

Chanzo chake harusi. Maganga ana mwalo wake nje kidogo ya Kagongwa, yaani sehemu ya kusagia mawe na kuoshea dhahabu. Makarasha mawili yanasaga yakipiga kelele kama yanagombana, kuna bwawa la maji, na pembeni kuna mlima wa viroba vya marudio. Marudio ni ule mchanga ulioshasagwa na kuoshwa lakini bado una dhahabu tumboni, na wezi wanaujua utamu wake kuliko wenyewe. Basi viroba vikawa vinatembea. Mbwa wa kawaida waliokuwepo walizoeshwa utumbo wa kuku na wezi hao hao, mwisho wakawa wanawasindikiza wageni wao mpaka barabarani, mkia juu.

Ndo Maganga akaalikwa harusini Geita kwa tajiri mmoja anaitwa Athanas. Getini akakuta mbwa mwekundu, mrefu, kimya, mgongoni ana mstari wa manyoya yaliyolala kinyume na wenzake, kama mtu kapitisha kitana vibaya. Rijibaki, ndo jina la mbegu hiyo. Mbwa adimu, Kanda ya Ziwa nzima unawahesabu kwa vidole.

Athanas akamwambia, "Huyu, mwizi akimwona anatubu mwenyewe, hata mchungaji haitwi."

Maganga akarudi Kagongwa ameharibika. Anataka mbwa wa mstari, hataki kingine.

Sasa ukiuliza hayo yanamhusu nini Ndaki, ndo hapo. Ndaki kamaliza form six, kapata nafasi chuo kimoja Mwanza cha kujifunza kuendesha mitambo mikubwa, magreda na makatapila, kitu alichokuwa akikiota tangu anachunga ng'ombe kwao Mhunze. Mama yake alipoulizwa akasema, "Muulize mjomba wako, ndo uliye kwake." Mjomba akajibu sentensi moja tu: "Mbwa akikaa, wewe utaondoka. Mwalo hauwezi kubaki bila macho." Na chuo nao wakasema, usipofika mpaka mwisho wa mwezi, kiti chako anakalia mwingine.

Kwa hiyo macho ya mwalo yakawa Ndaki. Macho, mikono na miguu. "Ndaki, maji! Ndaki, mkanda wa karasha umeruka! Bhebhe Ndaki, wewe, geti!" Kuanzia kunakucha. Mama Limi, mke wa mjomba, alisema ipo siku makarasha yenyewe yataitika.

Kumtafuta mbwa, Maganga na Ndaki walianzia Geita kwa Valerian, mzee anayezalisha mbwa wa mbegu nyumbani kwake. Aliwasimamisha getini na ndoo ya maji ya dawa.

"Viatu," akasema.

"Viatu vimefanya nini?" Maganga akauliza.

"Vimetoka kwenye mbwa wengine. Loweka."

Maganga, mtu mzima, kavaa viatu vya ngozi vya kutokea, akaingiza miguu kwenye ndoo huku anamwangalia Ndaki kana kwamba wazo lilikuwa la Ndaki. Ndani kulikuwa na mama mbwa kalala kivulini na watoto wanamparamia, kila mmoja na mstari wake. Maganga akachuchumaa. Akasahau viatu. Akapitisha kidole mgongoni mwa katoto kamoja taratibu, kama anapima dhahabu.

"Tazama, Ndaki. Umenyooka kama lami ya Isaka."

"Nimeona, mjomba. Ataanza kulinda lini?" Ndaki akamgeukia Valerian.

"Akipita mwaka na nusu hivi ndo akili inakaa," Valerian akasema. "Kabla ya hapo ni mtoto. Atakula viatu, atakula mifagio, atalala."

Ndaki akapiga hesabu. Mwaka na nusu! Kwa hesabu hiyo kiti chake kule Mwanza kitakaliwa, kitahitimu, kitaoa.

Kumbe Valerian naye alikuwa na maswali yake. Utamlaza wapi? Atakula nini? Nani atakaa naye mchana? Atafungwa?

Maganga akavimba. "Mzee mwenzangu, mimi nimenunua ng'ombe mnadani tangu sijaota ndevu. Hakuna aliyewahi kuniuliza nitawalaza wapi."

"Wauza ng'ombe hawakuulizi kwa sababu mwisho unawala," Valerian akasema bila kucheka. "Huyu utazeeka naye. Katafakari, ukiamua unipigie. Cheti chake kipo, ukoo wake wote mpaka babu wa babu."

Katafakari! Ndaki alitamani kumziba mdomo yule mzee. Kumwambia Maganga akatafakari ni kama kumwambia samaki akaoge.

Jioni nyumbani Mama Limi akasikiliza habari ya cheti, akaweka mwiko chini. "Babu wa babu wa mbwa. Wewe wa kwako unamjua?"

"Mama Limi, hii ni mbegu."

"Mbegu gani ya kuota mwaka na nusu? Mahindi yenyewe hayana kiburi hicho. Kuna binti anaitwa Ritha, Kahama huko, upande wa Buzwagi, namjua wa kwaya. Anaokota mbwa waliotelekezwa. Kuna kampuni ya ulinzi ilimaliza mkataba ikaondoka na magari yake, mbwa ikawaacha. Mmoja wa mstari. Mkubwa tayari, kafundishwa tayari. Si ukamchukue?"

Maganga akamtazama kama kaambiwa ale kiporo msibani. "Mbwa wa mtumba?"

"Mtumba ndo imara. Hilo koti ulilotambia harusini ulidhani limeshonwa wapi?"

Ndaki akaona kumepambazuka. Mbwa mkubwa! Anayelinda leo leo! Akasema, "Mjomba, twende hata sasa hivi."

"Yaya," Maganga akasema, hapana ya Kisukuma ile nzito, "sikurupuki."

Hakukurupuka kweli. Alianza kuuliza watu. Fundi wa karasha akasema chukua mtoto, utamlea kwa tabia zako. Mama Limi akadakia kuwa mbwa mwenye tabia za Maganga atachukua wiki nzima kuamua kama abweke. Katekista akasema mbwa aliyeachwa na mwenyewe ana uchungu moyoni, ataulipiza kwa mtu. Muuza vocha akasema aliyeachwa ndo mwenye shukrani. Mteja aliyeleta mawe kusaga, hata hajaulizwa, akasema bora bata mzinga. Kila aliyesema, Maganga alitikisa kichwa, "Lakini kweli, gete kabisa," na kesho yake akawa upande mwingine. Valerian wa watu akapiga simu kujua kimeamuliwa nini. Akaambiwa, "Bado natafakari kama ulivyosema."

Ndaki akaanza kuongea peke yake bwawani. Begi lake lilikuwa limefungwa tangu harusi ile, na kila alipotaka shati ilibidi alifungue, alifunge tena. Mwezi ulikuwa unaisha.

Siku walipokwenda kwa Ritha, haikuwa kwamba Maganga kaamua. Mama Limi ndo aliwasha guta la mwalo, ile pikipiki ya miguu mitatu ya kubebea viroba, akaliacha linanguruma mlangoni, akasema, "Mafuta yanaungua." Maganga hapendi mafuta yaungue. Akapanda nyuma. Ndaki akashika usukani kabla hajageuza mawazo.

Ritha alikuwa binti mwenye gambuti miguuni na harufu ya dagaa wa kuchemsha. Akawasalimu, akamwamkia Maganga vizuri, halafu, bila hata kuvuta pumzi: "Baba, utamlaza wapi? Atakula nini? Nani atakaa naye mchana?"

Maganga akamgeukia Ndaki. "Hawa watu wamesoma shule moja?"

"Wa kulipia anauliza, wa bure anauliza," Ndaki akajibu. "Jibu tu, mjomba, tunakuomba."

Akajibu. Ritha akaongeza, "Na jambo moja. Simtoi kwa mtu wa mnyororo. Huyu alifungwa mpaka shingo ikatoka vidonda. Mnyororo akiuona tu, humpati."

"Sawa sawa, mwanangu," Maganga akasema, upesi mno. Ndaki aliuona ule upesi. Aliuona akanyamaza, maana alitaka kwenda Mwanza.

Mbwa akaletwa. Mwekundu, mrefu, kifua kama mlango. Mstari anao, ila katikati umekatwa na kovu, kama barabara iliyobebwa na mvua. Maganga akamzunguka kimnada, akatazama meno, akapapasa mbavu, akainama kutazama na kwingine. Mbwa akavumilia na uso wa mtu mwenye haraka zake.

"Cheti?"

"Hana. Inawezekana ni mbegu safi, inawezekana kachanganya. Mimi sitakudanganya."

Maganga akaguna. Akauliza jina.

Ritha akajikuna shingo. "Anaitwa Mwizi."

Maganga akasogeza sikio.

"Anaitwa nani?"

"Mwizi. Alipokuwa mdogo aliiba kuku mzima wa Krismasi wa askari mmoja wa ile kampuni. Wakamwita hivyo kwa utani, likamkaa. Nimejaribu Rafiki, nimejaribu Simba. Ukimwita hivyo anageuka kuona unayemwita yuko wapi."

"Nimeteseka nikitafuta mbwa wa kufukuza wezi," Maganga akasema polepole, "nimepata Mwizi."

"Mjomba, jina si kitu," Ndaki akasema haraka. "Mbona wewe unaitwa Maganga na dawa huzijui?"

Maganga akamkata jicho, lakini akacheka kidogo puani, na mbwa akapanda guta mwenyewe, akakaa. Hilo likammaliza. Kitu kinachopanda guta bila kusukumwa Maganga alikuwa hajakiona.

Wangenyoosha moja kwa moja mwaloni, hadithi ingeishia hapa na Ndaki angekuwa zake Mwanza. Lakini kufika Kagongwa sokoni, Maganga akagonga bomba la guta. "Simama. Nanunua kitu kidogo."

"Kitu gani?"

"Kidogo tu."

Akaingia duka la vifaa. Ndaki kashika kamba ya mbwa mkono mmoja, mwingine uko kwenye usukani. Maganga akatoka ananing'iniza mnyororo wa kufungia ng'ombe, mpya, unametameta.

"Mjomba! Si umeambiwa..."

Mnyororo ukalia, chring. Kamba ikachomoka mkononi mwa Ndaki ikamwachia mstari mwekundu kiganjani. Mbwa hayupo. Hata vumbi lake lilichelewa.

Maganga akatupa mnyororo akatimua mbio, mzee wa watu, koti linapepea, tumbo linatangulia. Ndaki akaruka chini, akamfuata nyuma. Akafanya kitu ambacho mtu yeyote mwenye mbwa aliyekimbia angefanya. Aliita jina lake.

"Mwizi! Mwizi! Mwiziii!"

Kuanzia hapo, jamani.

Soko zima liliinua kichwa. Waliona baba mnene anakata upepo kati ya mafungu ya nyanya, na kijana nyuma yake anapiga yowe la mwizi. Sasa wewe ungeelewa nini? Mama mmoja akashika mchi. Vijana wa bodaboda wakashuka kwenye pikipiki zao. Chacha, muuza nyama choma, akatoka bandani na uma wake mrefu, akamdaka Maganga kola, koti likasema praa, Maganga akaenda chini kwenye maganda ya miwa.

"Umeiba nini, mzee mzima?"

"Mbwa!" Maganga akahema.

"Umeiba mbwa?"

"Sio yeye!" Ndaki kafika, roho mkononi. "Muacheni! Mwizi ni mbwa!"

"Mbwa ndo kaiba?"

"Hajaiba! Ni Mwizi tu!"

"Kama hajaiba, wizi wake uko wapi?"

"Ni jina! Anaitwa Mwizi!"

"Nani, huyu mzee?"

Nyuma walikuwa hawasikii mahojiano, wao wamefika kwa kazi moja, na wanazidi kujaa. "Mwizi! Mwizi! Mwizi!" Jiwe la kwanza likapita juu, likagonga bati la Chacha. Ndaki akajitupa mbele ya mjomba wake, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa anafikiria Mwanza. Alikuwa anafikiria kwamba mjomba wake anauawa kwa sababu ya mdomo wake yeye Ndaki.

Kumbe huko nyuma ya mitumba kuna kiumbe kimejificha chini ya meza, kinasikia. Katika maisha yake yote hajawahi kuitwa na watu wengi namna ile.

Akaja. Akapasua katikati ya miguu ya watu kama maji, masikio nyuma, mkia unachapa mapaja ya watu, furaha tupu. Akafika, akamkuta yule aliyepanda naye guta kalala kwenye maganda na watu wamemwinulia fimbo. Furaha ikaisha. Akasimama juu ya Maganga, miguu miwili kila upande, ule mstari uliokatika ukasimama wote, akawaonyesha meno. Wala hakubweka. Alinguruma chini chini tu, kama karasha linalowashwa.

Watu walirudi nyuma bila kuambiwa. Mchi ukashushwa.

"Huyo," Ndaki akasema, akimnyooshea kidole, "huyo ndo Mwizi."

Chacha akainama na kumtazama aliye chini. "Haa! Mzee Maganga? Ni wewe? Sasa unakimbiaje kama umeiba na mwalo unao?"

"Ningekimbiaje, Chacha? Nifundishe!"

Soko likacheka, kile kicheko cha watu walionusurika kufanya ubaya. Yule mama akamfuta Maganga maganda mgongoni kwa kanga yake. Mnyororo ukaokotwa na mtu, hakuna aliyeuliza nani.

Nyumbani Maganga alikaa muda mrefu na chai imepoa, mbwa kalaza kidevu kwenye kiatu chake cha ngozi. Ndaki akasubiri.

"Anabaki," Maganga akasema mwishowe.

Ndaki akaruka.

"Ila kaa chini. Jina linaondoka. Nikimwita ale kila jioni, si nitauawa? Na siku mwizi wa kweli akija, nani atatoka? Wataona tunamlisha mbwa. Utabaki mpaka ajue jina jipya."

"Mjomba! Ritha kajaribu ameshindwa!"

"Ritha hakuwa na wewe."

Basi ikaanza. Komando. Mbwa akamtazama. Jenerali. Akajilamba. Maganga hakuwa ameamua hata ni jina gani, asubuhi anaita hivi, mchana vile, akauliza fundi, akauliza katekista. Katekista akasema Lazaro, kwa kuwa ameitwa akatoka. Lazaro hakutoka. Siku zikabaki za kuhesabu, kule Mwanza mtu anakikodolea macho kiti cha Ndaki, na hapa yeye yuko kwenye viroba na kipande cha dagaa mkononi anasema, "Jenerali, Jenerali, nakuomba, baba," na mbwa anakula dagaa bila kuwa jenerali.

Mpaka siku moja Ndaki akasusa. Kweli kweli. Begi akalikalia nyuma ya mlima wa marudio, akasema moyoni, leo waite wachoke.

"Ndaki!" Mjomba kaanza. "Ndaki, mkanda!"

Ndaki akazidi kulikalia begi.

"Bhebhe Ndaki! Uko wapi? Ndakiii!"

Chini ya kivuli cha karasha, mbwa akainuka. Akajinyoosha mbele, akajinyoosha nyuma, akaenda kwa mwendo wa mtu aliyeitwa kazini, akakaa mbele ya Maganga, akamtazama machoni.

Maganga akatazama huku na huku. "Sijakuita wewe. Nimemwita Ndaki."

Mkia ukapiga chini, pu, pu.

Mama Limi alikuwa mlangoni na ungo. Akaangusha ungo. Alicheka akakaa chini, akacheka amekaa, mchele umemwagika wote. "Si anajua! Kutwa kucha jina gani jingine amelisikia hapa?"

"Haiwezekani," Maganga akasema. "Hilo ni jina la marehemu baba yangu! Huyu kijana amerithi kwa heshima. Dada yangu atanielewaje?"

"Marehemu baba yako si ndo alikuwa akilinda zizi usiku kucha, mpaka fisi wanamwamkia? Basi jina limepata mtu."

"Mama Limi..."

Ndaki akatoka nyuma ya viroba na begi begani. Palepale alikuwa na hasira, na kicheko, na uchungu kidogo pia, maana si kila siku unaona mbwa anaitika jina lako vizuri kuliko wewe.

"Mjomba, chukua," akasema. "Jina chukua. Mimi Mwanza nitajua la kujiita."

Maganga akafungua mdomo. Ndaki akajua kabisa kinachokuja, ngoja kwanza niulize. Mama Limi naye akajua, akaenda kuwasha guta.

Wiki iliyofuata Ndaki alikuwa chuoni, vumbi la katapila limemjaa masikioni, simu ikalia. Mjomba. Anataka kujua chakula kikoje, na kumwambia kwamba Valerian kapiga tena, na yeye, kusema ukweli, bado anamfikiria yule mtoto wa mstari ulionyooka. Ndaki akafumba macho. Katikati ya maneno sauti ikapaa ghafla.

"Ndaki! Acha kiatu! Ndaki, nimesema weka chini!"

"Mjomba, kiatu gani? Mimi niko Mwanza."

"Hebu nyamaza wewe," Maganga akasema, "naongea na Ndaki."